Mwendo wa matembezi au mwendo wa mazoezi: upi uupeleke kwenye njia ya baiskeli?

Baba mmoja ameinama, mkono uko kwenye siti ya baiskeli ndogo, anakimbia nyuma ya binti yake aliyeondolewa magurudumu ya pembeni siku hiyohiyo. Usukani unayumba huku na huku, mtoto anacheka kwa sauti. Nyuma yao linakuja kundi la waendeshaji wanne, migongo imelala, cheni zinavuma. Wa mbele anapaza sauti: "Kulia!" Baba anasikia, na anafanya ambacho mtu yeyote angefanya: anamvuta mtoto kulia. Aliyeita alimaanisha kwamba yeye ndiye anapita kulia. Walipishana kwa nafasi ya kiganja. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma, na mpaka leo nikiona mtoto mbele yangu njiani, vidole vinakwenda kwenye breki vyenyewe.

Wote wale walikuwa na haki ya kuwa pale, na wote walitoka nyumbani kwenda kujifurahisha. Hapo ndipo ugumu ulipo. Sisi tunaoendesha kwa burudani mara chache tunakaa na kuchagua namna ya kuendesha. Tunaokota tabia kwa wale tuliowakuta njiani, kisha tunadhani ndivyo inavyotakiwa. Hapa nimezipanga tabia hizo mbilimbili zitazamane, ili anayeanza, au anayetaka kubadilika, aone anapata nini na anapoteza nini. Sifichi ninapoegemea.

Kilomita 15 kwa saa, au 30

Tuanze na hili kwa sababu mengine yote yanatokana nalo. Mtu anayetembea kwa kawaida huenda kama kilomita 5 kwa saa. Mwendesha baiskeli asiye na haraka yuko kwenye 15 hivi. Mwenye baiskeli ya mbio na miguu mizuri anafika 30 kwenye tambarare bila kujiumiza.

Kwa kilomita 15 kwa saa unasogea mita 4 na kitu kila sekunde. Ukihesabu sekunde moja ya kushtuka na kushika breki, kisha breki nzuri kwenye lami kavu, unasimama ndani ya mita 6 au 7. Kwa kilomita 30 hesabu hiyohiyo inakupeleka mita 17, urefu unaozidi basi la kawaida la mjini. Lami ikiwa na maji, majani yaliyooza au mchanga kwenye kona, ongeza. Na ukigonga, kasi iliyozidi mara mbili inabeba nishati mara nne. Aliyegongwa kwa kilomita 15 huenda akainuka na kukunguta nguo. Kwa 30 mara nyingi ni suala la mifupa, wake na wako.

Hata hivyo, kasi yenyewe isingekuwa tatizo kama wote tungekuwa nayo. Kinachosumbua ni tofauti. Ukiwa kwenye 15 unamkaribia mtembea kwa miguu kwa kilomita 10 kwa saa. Anakusikia, anageuka, anaamua. Ukiwa kwenye 30 unamkaribia kwa 25, na yeye hajui kama upo mpaka upepo wako umguse bega. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao wanaruka upande usiofaa: hawajapewa muda wa kufikiri.

Sasa upande wa pili, kwa haki. Mwendo wa kasi una raha yake na faida yake. Moyo unafanya kazi, jasho linatoka, akili inatulia kwa namna ambayo mwendo wa polepole hauifikii. Simlaumu anayeutaka. Ninachosema ni kwamba njia iliyojaa watu haimpi hata hicho anachokitafuta. Kila mita mia kuna mtu wa kumpita, kila kona kuna kigari cha mtoto, na mazoezi yanakatika vipandevipande vya kukimbia na kushika breki. Anayetaka kuuchosha mwili atafute mlima. Kwenye mlima unaweza kufikia pumzi yako ya mwisho ukiwa kwenye kilomita 12 kwa saa, na hakuna unayemtisha.

Muda unaookolewa nao ni mdogo kuliko tunavyodhani. Chukua kilomita moja ya njia yenye watu wengi. Ukiipita kwa 25 unatumia dakika 2 na sekunde 24. Ukiipita kwa 15 unatumia dakika 4. Tofauti ni dakika moja na nusu hivi, muda wa kunywa maji na kurudisha chupa mahali pake. Nikiwa na hasira ya kucheleweshwa, hesabu hii ndiyo inayonituliza.

Kwa hiyo: kwenye njia ya pamoja, ile ya baiskeli na watembea kwa miguu, ikiwa na watu, 15 ndiyo mwendo wangu, na karibu na mtoto, mbwa au mtu mwenye fimbo nyeupe nashuka hadi mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Njia ikiwa tupu na inaonekana mbali, 20 hadi 25 haina ubaya. Kwenye Burke-Gilman, ile njia ndefu ya Seattle, Marekani, iliyopita mahali palipokuwa na reli, kikomo kilichowekwa ni maili 15 kwa saa, yaani kama kilomita 24, na hicho ni kikomo cha juu. Hakuna aliyesema ndiyo kasi ya kupitia katikati ya familia. Vile vishikio vya mbele vya kuegemeza viwiko viache kabisa kwenye njia ya watu. Ukivilalia, vidole viko mbali na breki, na ile sekunde moja ya kushtuka inakuwa mbili.

Ubavu kwa ubavu, au mmoja nyuma ya mwenzake

Usukani wa kawaida una upana wa sentimita 60 hadi 70, na baiskeli ikitembea huyumba kidogo, hivyo kila mtu anahitaji kama mita 1. Njia nyingi za pamoja zina upana wa mita 2 na nusu hadi 3. Wawili wakienda sambamba wameshachukua mita 2. Anayekuja kwa mbele anabaki na nusu mita hadi mita 1, au anaingia kwenye nyasi.

Kwenda sambamba kuna thamani kubwa, lazima niseme. Ndiyo njia ya kuzungumza. Marafiki wawili wasioonana wiki nzima hawaendi kuendesha baiskeli ili kila mmoja autazame mgongo wa mwenzake. Sheria za Uholanzi zinaruhusu wawili kwenda sambamba, na njia nyingi za kule zimejengwa pana kiasi kwamba jambo hilo halimkeri mtu. Mahali pembamba tabia hiyohiyo inakuwa ukuta.

Wengi wanakosea kwenye kurudi nyuma. Wawili wanaona mtu anakuja, kila mmoja anamsubiri mwenzake apungue, wote wanakanyaga kwa pamoja, kisha wote wanashika breki kwa pamoja. Kubalianeni mapema nani hurudi. Sisi tumezoea kwamba aliye upande wa katikati ya njia ndiye anayepunguza na kuingia nyuma, siku zote, bila kuulizana. Ni jambo dogo sana lakini limetuondolea vurugu zote.

Mmoja nyuma ya mwenzake kunaacha njia wazi, na kwa wanaoenda kasi kunapunguza upepo: anayefuata karibu anaweza kuokoa kama robo au theluthi ya nguvu. Ubaya wake hauonekani mpaka uupate. Kwenye maingilio ya njia huwekwa nguzo fupi za kuzuia magari, mara nyingi katikati kabisa. Wa kwanza anaiona nguzo, anajipinda kidogo, anapita. Wa pili alikuwa anaangalia tairi la nyuma la mwenzake. Kwake nguzo inatokea ghafla, kama imeota pale. Nilimwona mwendesha baiskeli mzoefu akiigonga namna hiyo mchana kweupe. Ringi ya mbele ilikunjika, yeye akapita juu ya usukani. Kama mnafuatana, wa mbele apaze sauti, "Nguzo!", na anyooshe mkono upande ilipo. Wa nyuma aache nafasi ya urefu wa baiskeli moja na nusu angalau. Kwenye njia ya umma hakuna haja ya kubanana kama mko mashindanoni.

Mzazi na mtoto ni habari nyingine. Wengine humtanguliza mtoto, wengine humwongoza. Nashauri atangulie, mzazi awe nyuma kidogo na upande wa katikati ya njia, ili amwone, na ili anayetaka kupita akutane kwanza na mtu mzima. Ukitangulia wewe, unageuza shingo kila dakika kumtazama, na ukigeuza shingo usukani nao unafuata.

Kengele, sauti, au kimya

Kimya ndicho kibaya kuliko vyote. Wapo wanaosema hawataki kumsumbua mtu. Lakini kumpita mtu ukitokea nyuma yake bila neno, nusu mita kutoka kwenye kiwiko chake, ni kumsumbua zaidi ya kengele kumi. Kanuni za barabara za Uingereza, zilivyorekebishwa mwaka 2022, zinamtaka mwendesha baiskeli asimpite mtembea kwa miguu karibu sana wala kwa kasi, hasa akitokea nyuma, na zinamkumbusha kwamba huyo aliye mbele huenda hasikii au haoni.

Kati ya kengele na sauti, kila moja ina kazi yake. Kengele inasikika mbali na inaeleweka haraka: kuna baiskeli. Haisemi iko upande gani, na haina adabu wala ukali isipokuwa ule unaoupa wewe kwa namna ya kuipiga. Mlio mmoja wa mbali ni salamu. Milio mitano ya karibu ni matusi.

Sauti inaeleza zaidi, mradi iwe sentensi nzima. "Kulia!" nimeshaeleza ilivyotaka kumfanyia yule mtoto. Sema, "Naomba njia, napita kulia kwako," kwa sauti ya kawaida, na mtu anajua afanye nini, hata kama ni kubaki alipo. Jambo zuri la maneno ni kwamba huwezi kuyamaliza ukiwa na kasi kubwa, kwa hiyo yanakulazimisha upunguze.

Umbali ndio siri. Piga kengele ukiwa mita 20 nyuma. Kama uko kwenye 15, anayetembea anapata sekunde 7 kabla hujamfikia. Kama uko kwenye 30, hazifiki 3, na sekunde 3 ni muda wa kushtuka tu. Wengi tunapiga kengele tukiwa mita 5, halafu tunashangaa bibi karuka mbele ya tairi. Amefanya haraka alichoweza kwa sekunde moja hivi tuliyomwachia.

Mimi napiga kengele mara moja kwa mbali, nasubiri ishara yoyote kwamba nimesikika, iwe kichwa kilichogeuka au bega lililosogea, kisha nasema neno nikikaribia na "asante" nikishapita. Nisipoona ishara nachukulia hasikii, na napita kwa mwendo wa kuweza kusimama. Kengele haikupi ruhusa ya kupita. Inatoa taarifa, basi.

Mbwa ana hesabu yake. Mwenye mbwa yuko kushoto, mbwa yuko kulia ananusa nyasi, na katikati kuna kamba nyembamba ambayo jua likiwa machoni huioni. Ukiona mtu amenyoosha mkono na hakuna kitu mbele yake, tafuta kamba kwanza.

Muziki masikioni

Masikio yote mawili yakiwa yamezibwa, umejinyima kengele ya anayetaka kukupita, na umekuwa yule mtu ambaye kila siku tunalalamika kwamba hasikii. Sikio moja ni nafuu, ingawa unapoteza uwezo wa kujua sauti inatoka upande gani. Vile vifaa vinavyokaa mbele ya sikio na kuliacha wazi ni bora kuliko vyote viwili, sauti ikiwa ya chini. Simu mkononi sina cha kulinganisha nayo; Uholanzi, nchi inayoishi juu ya baiskeli, iliipiga marufuku mwaka 2019. Ukihitaji ramani, simama.

Na ukisimama, toka njiani. Watu wengi makini husimama hapohapo walipo, baiskeli imekatiza njia, kuangalia picha au kusubiri wenzao. Inua mkono kwanza wa nyuma aone, kisha ingia kwenye nyasi, wewe na tairi zote mbili.

Taa inayomweka, au inayotulia

Mchana, taa inayomweka inaonekana upesi na haimdhuru mtu, hasa njia inapoingia chini ya miti na kutoka. Usiku, kwenye njia isiyo na taa nyingine, ni adha. Anayekutana nawe anaona mwanga, giza, mwanga, giza, na hawezi kupima uko umbali gani wala unaenda kasi gani. Ujerumani hairuhusu taa ya baiskeli kumweka, na baada ya kukutana na kundi zima la taa za namna hiyo kwenye kona nyembamba nimewaelewa sababu yao. Usiku washa iliyotulia, na uiinamishe mpaka duara la mwanga liangukie ardhini mita 10 hivi mbele yako. Kama anayekuja anainua kiganja kukinga macho, taa yako iko juu mno.

Baiskeli ya umeme, au ya miguu

Sina ugomvi na umeme. Umewarudisha njiani watu ambao magoti yao yalikuwa yameshawaaga. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mota ya baiskeli ya kawaida ya umeme huacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa, na hiyo inatosha sana kwa burudani. Tofauti ya kuizingatia ni kwamba kwenye baiskeli ya miguu kasi huja pamoja na uzoefu: ukishapata miguu ya kufika 25 umeshapita miezi mingi ukijifunza kona, breki na tabia za watu. Ya umeme inakupa 25 siku ya kwanza, tena juu ya chombo kinachoweza kuzidi kilo 20. Anayeanza nayo aiweke kwenye msaada mdogo kwa wiki chache. Na asianze kukanyaga kabla ya kushika usukani sawasawa, maana baadhi huruka mbele mara pedali inapoguswa.

Njia ya pamoja, njia iliyotengwa, au barabara

Ukishajua mwendo unaoutaka, mahali panajichagua karibu penyewe. Alama za Ujerumani zinaonyesha tofauti vizuri. Duara la bluu lenye mtu mzima na mtoto juu, baiskeli chini, na mstari mweupe uliolala kati yao: mnagawana njia moja, na mwenye baiskeli ndiye anayetakiwa kurekebisha kasi yake iendane na watembea kwa miguu inapobidi. Mstari ukisimama wima, kila mmoja ana upande wake. Hata pale ambapo alama ni nyingine, swali la kujiuliza ni hilohilo: mstari uko wapi, na je, watu wanaufuata?

Anayetoka na familia, anayerudi kwenye baiskeli baada ya miaka, anayetaka kuongea na kutazama ndege: njia ya pamoja ni yake, saa yoyote, na asikubali kufukuzwa kwa kengele. Anayetaka kilomita nyingi kwa mwendo wa kati atafute iliyotengwa. Anayetaka 30 na kuendelea ana barabara, kama ina nafasi na yeye ana uzoefu wa kukaa na magari. Au ana saa.

Saa husahaulika. Njia ileile ambayo Jumapili alasiri haipitiki, saa kumi na mbili asubuhi ina watu wanne. Nimeona waendeshaji wa mbio wakigombana na familia kwa miaka kwenye kipande kimoja cha njia, wakati kusogeza ratiba kwa saa mbili kungemaliza ugomvi wote. Barabara si ya kila mtu, na simwambii mtu aende akachezee maisha yake katikati ya malori ili njia ibaki shwari. Lakini alfajiri ni ya kila mtu anayeweza kuamka.

Wale mnaotoka kwa kundi, ongeeni kabla ya kupanda: kasi ya leo ni ya aliye dhaifu kuliko wote, nani anaita nguzo, tunasimama wapi. Dakika mbili kwenye maegesho, tairi zikijazwa upepo. Na mkiona mbele kuna mtu ameinama, mkono uko kwenye siti ya baiskeli ndogo, acheni kukanyaga wote kwa pamoja, wa mbele aseme sentensi nzima, na mpite kwa mwendo ambao huyo mtoto akianguka upande wenu mtakuwa mmeshasimama.